Sentimita Tano za Mto Ruvu

Basi lolote linalotoka Dar kwenda bara kwa barabara ya Morogoro huvuka mto Ruvu likishaipita Mlandizi. Abiria wengi hapo wanasinzia au wanagombania chaja. Darajani hapo kuna kituo cha kupimia mto ambacho watu wa maji nchi hii wanakiita 1H8, na kituo cha namna hiyo, ukikitazama, ni vibao vyembamba vyenye mistari ya sentimita vilivyosimamishwa majini. Nimekaa chuoni miaka minne nikisomea uhandisi wa rasilimali za maji, na nikiulizwa nilisomea nini hasa, jibu fupi ni kwamba nilisomea vile vibao.

Naandika haya kwa sababu dirisha la udahili likifunguliwa simu yangu haitulii. Vijana waliomaliza kidato cha sita na PCM zao (fizikia, kemia na hisabati) wananiandikia: "Dada, kozi ya maji inalipa?" "Hesabu ni nyingi?" "Ni ya mafundi bomba?" Nitawajibu mwishoni, kwa ufupi. Kwanza nataka mjue kinachosomwa, maana vipeperushi vya vyuo havisemi.

Kwetu ni Matombo, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, kwenye mananasi, ndizi na mdalasini. Sisi Waluguru ukoo unafuata kwa mama, kwa hiyo wa kuambiwa kwanza kwamba nimechaguliwa chuo hakuwa baba, alikuwa mjomba. Nikamkuta anamenya mihogo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Wamekupa nini huko?"

"Uhandisi wa rasilimali za maji."

Akafurahi. "Basi utakuja kutuchimbia kisima."

"Si kisima, mjomba."

"Utatuletea bomba."

"Bomba nalo wana watu wake."

Akaweka kisu chini. "Sasa maji yenyewe yanasomewa nini? Si yanashuka tu?"

Nililibeba swali hilo mpaka mwaka wa nne, kwa sababu ndilo swali la kozi nzima. Yanashuka, ndiyo. Mangapi? Lini? Yaliyonyesha yasishuke yamekwenda wapi? Na hayo yaliyoshuka, nani kayachukua njiani kabla hayajafika Dar?

Mwaka wa kwanza hauna maji hata tone. Ni hisabati, mekanika, michoro na programu za kompyuta, tunakaa kwenye vimbweta mpaka usiku, na wapo waliodisco, yaani walioondolewa chuo kwa kufeli, kabla hawajawahi kusikia neno haidrolojia, sayansi ya mwendo wa maji, darasani. Mwaka wa pili inaanza mekanika ya vimiminika na upimaji wa ardhi, ule wa kubeba levo na miti ya kupimia juani huku wanafunzi wa kozi nyingine wakipita kivulini. Halafu ndiyo inakuja yenyewe.

Inaanza na mlinganyo ambao hata mtoto wa darasa la tano anaweza kuuelewa: mvua iliyonyesha ni sawa na maji yaliyotiririka, jumlisha yaliyorudi hewani, jumlisha yaliyoongezeka au kupungua ardhini. Mstari mmoja tu. Ugumu wake ni kwamba katika hivyo vyote hakuna hata kimoja unachoweza kukipima chote. Mvua, kwa mfano, inapimwa kwa chombo chenye mdomo wa inchi 5, kinachosomwa kila siku saa 3 asubuhi, na kutoka kwenye vyombo vichache vya namna hiyo tunatakiwa kusema mlima mzima umepata maji kiasi gani. Mmarekani mmoja, Thiessen, alitoa njia yake mwaka 1911: unachora mistari kwenye ramani, kila kipimo kinapewa eneo lake kutawala. Njia safi kabisa kwenye karatasi. Sasa ipeleke Uluguru. Upande wetu wa mashariki hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, wakati Morogoro mjini, ng'ambo tu ya mlima, haifiki 1,000. Mistari ya Thiessen haijui kama kuna mlima katikati. Na vipimo vyenyewe viko wapi? Viko misheni, shuleni, kwenye ofisi, yaani mahali penye watu. Huko Kimhandu juu, kwenye ukungu, ambako ndiko mvua ilikolala, nani atapanda kila siku saa 3 asubuhi?

Kuhusu uvukizi sitawachosha. Kuna mlinganyo wa Penman wa mwaka 1948 unaotaka jua, upepo, joto na unyevu wa hewa, na ukimaliza kuukokotoa kwa mkono umeshasahau ulikuwa unatafuta nini.

Kilichonishika mimi ni mto.

Watu wengi wanadhani mtiririko wa mto unapimwa kila siku, kama umeme unavyopimwa kwenye mita. Haupimwi. Kinachosomwa kila siku ni kina tu, kwenye vile vibao. Mtiririko wenyewe unapimwa mara chache kwa mwaka, na ni kazi ya jasho. Mnasimama darajani na vizibao vya kung'aa, malori yanapita nyuma yenu na daraja zima linatetemeka. Winchi inateremsha uzito wa risasi wenye umbo la samaki, na juu ya huyo samaki kuna kifaa chenye pangaboi dogo. Maji yanalizungusha pangaboi, kila mzunguko unatoa mlio, mnahesabu milio kwa sekunde kadhaa, mnapata kasi. Mahali penye kina kifupi mnapima mara moja, kwenye asilimia 60 ya kina kutoka juu. Penye kina kirefu mnapima mara mbili, kwenye asilimia 20 na 80, mnachukua wastani. Kisha mnasogea hatua chache mnaanza upya, ishirini na zaidi, mpaka ng'ambo. Kasi mara eneo, kipande kwa kipande, mnajumlisha. Kazi hiyo yote inazaa nukta moja kwenye karatasi: siku hii, kina hiki, mtiririko huu.

Nukta zikishakuwa nyingi, kwa miaka, unapitisha mkunjo, yaani mstari uliopinda, katikati yake. Tangu hapo mtu akisoma kina kwenye kibao, ofisini mnaangalia mkunjo na kusema mtiririko. Kila namba ya mtiririko mnayoisikia kwenye taarifa ya habari imepita humo.

Tuchukue mto wa mfano, si Ruvu, mto wa mtihani tu. Mkunjo wake unasema: chukua kina kwa mita, kipandishe kwenye kipeo cha 1.7, zidisha kwa 20. Kina kikiwa sentimita 40, unapata mita za ujazo 4.21 kwa sekunde. Kikiwa sentimita 45, unapata 5.15. Tofauti ni 0.94. Zidisha kwa sekunde 86,400 za siku nzima: ni zaidi ya lita milioni 80. Sentimita tano! Wimbi la mtumbwi uliopita, kibao kilichoinama kidogo, au macho ya mzee aliyesahau miwani yake nyumbani.

Wakati wa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, nilipewa kazi ya kuingiza madaftari ya wasoma geji kwenye kompyuta. Wenzangu waliona ni adhabu. Msoma geji ni mwanakijiji anayekaa karibu na kituo. Kila siku anashuka mtoni, anasoma kibao, anaandika, na mwisho wa mwezi anapata posho ambayo sitaitaja kwa heshima yake. Daftari lina safu ya tarehe, ya saa, ya kina, na mwisho safu ya maelezo. Wengi wanaiacha tupu. Mzee mmoja alikuwa anaijaza. Siku moja kina hakipo, na kwenye maelezo ameandika: "Kiboko yupo." Kesho yake: "Kiboko bado yupo." Keshokutwa: "Kiboko na mtoto." Siku ya nne kina kimerudi, na maelezo hakuna.

Nilicheka, halafu nikaanza kumheshimu. Angeweza kubuni. Daftari lingine, la mto mwingine, lilikuwa zuri mno: mwezi mzima kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, kina kinashuka sentimita moja kila siku bila kukosa, hata siku ambazo kipimo cha mvua cha jirani kilijaa. Huyo hakwenda mtoni. Simlaumu sana, posho ikichelewa miezi, hata mimi ningekaa kibarazani nikaandika. Lakini kwenye kompyuta mito hiyo miwili inageuka kichekesho: wa uongo unaonekana mzima, na mzee wangu wa kiboko anaonekana ana mapengo. Pengo linaandikwa -999, ili programu ijue kwamba hakuna kitu. Kiboko na mtoto wake wakawa -999.

Darasani kwetu kuna mwenzetu aliyechukua wastani bila kuziondoa hizo -999. Mvua yake ya Aprili ikatoka hasi. Mwalimu akaibandika kwenye skrini na kusema, "Huyu bwana amegundua mvua inayopanda." Mpaka mahafali tulimwita Mvua Inayopanda.

Hapa nina ugomvi na jinsi tunavyofundishwa. Mwaka wa tatu na wa nne vinatawaliwa na modeli, yaani programu za kompyuta zinazouiga mto. SWAT, HEC-HMS, ramani za setilaiti, rangi nzuri. Modeli zinapendwa kwa sababu hazina matope. Unakaa kwenye kiyoyozi, unachezea vigezo mpaka mstari wa modeli unafuata mstari wa mto, unapata alama ya 0.8 kwenye kipimo cha Nash na Sutcliffe, ambacho 1 ni mistari kulingana kabisa, unapongezwa. Lakini huo mstari wa mto ulioufuata umetoka kwenye mkunjo, mkunjo umetoka kwenye nukta chache, na kina kimetoka kwa mzee na kiboko wake. Sisemi modeli ni mbaya, nazitumia kazini kila wiki. Nasema mwanafunzi angepelekwa mtoni mwaka wa kwanza, aloe, ashike pangaboi, ndipo apewe kompyuta. Wengi wetu tuliuona mto wa kupima baada ya kufaulu mtihani wa kuupima.

Oktoba 2022 somo likahamia hosteli. Vuli ilichelewa, Ruvu ikashuka, jiji likatangaziwa mgao. Kama hukuwa Dar wakati huo, fikiria foleni za madumu saa kumi alfajiri na maboza yanayopandisha bei kila siku. Sisi wa kozi ya maji tulikuwa tunaingia darasani kujadili maji bila kuoga. Mwenzangu wa chumba, mtoto wa Kimara, akanigeukia: "Nyie watu wa Morogoro mnatufungia maji huko juu."

Nikachukua karatasi. Mtambo wa maji ya jiji wa Ruvu Juu ulijengwa kutoa lita milioni 196 kwa siku, Ruvu Chini lita milioni 270. Jumla milioni 466. Gawanya kwa sekunde za siku: mita za ujazo 5.4 kwa sekunde. Alishangaa, na mimi pia, kwa sababu ni kidogo sana. Masika Ruvu hubeba hiyo mara nyingi nyingi na kuimwaga baharini. Shida ya mto huu haiko kwenye jumla ya mwaka. Iko kwenye wiki chache za mwisho wa kiangazi, pale kibao kinapokaribia chini na zile sentimita tano zinapoanza kuwa na maana.

Lawama zilipelekwa kwa wakulima na wafugaji wa juu ya mto. Kuna ukweli humo. Pampu ya petroli ya inchi 3, ile wanayofungia kwenye baiskeli, ikiwa katika hali nzuri husukuma hadi mita za ujazo 60 kwa saa, yaani karibu lita 17 kwa sekunde. Pampu 60 zikiunguruma kwa pamoja ni mita moja ya ujazo kwa sekunde. Machi hakuna atakayeona. Oktoba hiyo ni karibu moja ya tano ya maji ya jiji. Lakini maji ambayo hayakunyesha hakuna mkulima aliyeyaiba, na jiji linaloongezeka watu kila mwaka kwa kutegemea mto usio na bwawa kubwa la kuhifadhi lilikuwa linacheza bahati nasibu. Bwawa la Kidunda limezungumzwa kwa miongo kabla ya ujenzi kuanza. Limesanifiwa kubeba mita za ujazo milioni 190. Gawanya kwa mahitaji ya mitambo ile miwili: siku mia nne na ushee, kabla hujatoa uvukizi, na kabla hujauachia mto wenyewe maji ya kubaki mto. Hilo la mwisho si hisani. Sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 inatanguliza matumizi ya nyumbani, kisha mazingira, ndipo wafuate wengine wote.

Sheria hiyohiyo ndiyo iliyonirudisha kwa mjomba. Kuchota maji ya nyumbani kwa ndoo hakuhitaji kibali, lakini ukiyachepusha kwa mfereji au mpira kumwagilia shamba la kuuza, unahitaji. Baada ya kelele za mwaka ule habari za vibali zilifika mpaka mabondeni kwetu, na mjomba ana mpira unaotoka kwenye kijito kwenda kwenye nyanya zake. Fomu inataka kiasi cha maji. Nikaenda na ndoo ya lita 20 na simu. Ndoo ikajaa kwa sekunde 25. Nikamwambia: "Mjomba, unatumia lita 0.8 kwa sekunde."

Akaitazama ndoo. "Andika hivyo. Lakini andika na mwezi."

Fomu ilikuwa na nafasi ya namba moja tu. Nikaandika mwezi pembeni, kwa kalamu.

Nusu nyingine ya kozi ni ya maji yakizidi, na huko namba zinaumiza zaidi. Desemba 2011 Msimbazi ulipofurika na watu wa Jangwani wakahamishiwa Mabwepande, nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Chuoni ndipo nilipojifunza maana ya "mafuriko ya miaka 100", na ni maneno ambayo ningependa yapigwe marufuku. Mtu akisikia hivyo anasema, basi, yameshapita, tuna miaka 99 ya kupumzika. Maana yake ni kwamba kila mwaka una uwezekano wa asilimia moja. Ukikaa bondeni miaka 30, uwezekano wa kuyaona angalau mara moja ni karibu asilimia 26. Mtu akiambiwa kwamba kuna nafasi moja kati ya nne kwamba familia yake ya bondeni itakutana nayo kabla watoto hawajakua, atasikiliza tofauti.

Na hata hiyo asilimia moja imetoka kwenye takwimu za miaka mingapi? Mwalimu wetu alipenda mfano wa ziwa Victoria. Bwawa la Owen Falls kule Jinja lilizinduliwa 1954, likiwa limesanifiwa kwa rekodi za zaidi ya nusu karne, ambazo kwa viwango vyetu ni utajiri. Kati ya 1961 na 1964 ziwa likapanda zaidi ya mita mbili, na halikurudi lilikokuwa kwa miaka mingi. Rekodi haikuwa na kosa, ila ziwa halikuwa limemaliza kusema. Nikiona ripoti ya daraja iliyosanifiwa kwa takwimu za miaka 12 zenye -999 tele, nalikumbuka ziwa.

Sasa majibu niliyowaahidi.

Hesabu ni nyingi, ndiyo. Kama kalkulasi ilikutesa kidato cha sita, haitakuacha, ila takwimu ndizo zitakazokulisha, kwa hiyo zisomeni kwa moyo. Sapu, yaani mtihani wa kurudia, si mwisho wa dunia.

Kulipa: inategemea. Kuna bodi za maji za mabonde, zipo tisa, kuna RUWASA, wakala wa maji vijijini, mamlaka za maji za miji, umeme wa maji, migodi, na washauri binafsi. Serikalini utakaa kwenye foleni ya ajira na usaili wake. Kuna wenzangu wazuri kuliko mimi ambao bado wanasubiri na wanauza vifaa vya umwagiliaji kwa sasa, na wengine wanasema hawatarudi. Anayejua maji chini ya ardhi na kupima mwamba kabla ya kuchimba hakai bure muda mrefu.

Wasichana mnaoniuliza kama kazi za mtoni ni za wanaume: vijijini anayeujua mto ni mama. Mara zote nilipofika kituo kigeni, aliyeniambia maji yalifika wapi mafuriko ya mwisho, na kunionyesha alama kwenye mti, alikuwa mwanamke mwenye ndoo. Wanaume walinionyesha ofisi ya mtendaji.

Na kabla ya kwenda fildi, nunueni buti za mpira Kariakoo, msisubiri za ofisi, maana za ofisi zote ni namba 10. Chukueni zinazozidi mguu kwa namba moja, mtavaa soksi mbili. Daftari la penseli, si kalamu ya wino. Wino ukilowa unakimbia. Na muulizeni mwenyeji habari za kiboko kabla hamjashuka.